Bilauri Kumi na Moja

Jiwe la pili ndilo lililovunja kioo. La kwanza liligonga bati la basi la wavunja mgomo likaangukia theluji, na walinzi wa lango la kiwanda cha bia cha Kestner wakacheka. La pili lilipita baina ya nondo mbili, likaingia ndani, na humo ukasikika ukelele wa mtu mmoja. Leokadia Kubiak, aliyekuwa amesimama kando ya barabara na sufuria ya supu ya wagomaji mikononi, alikuwa amelifuata jiwe hilo kwa macho tangu lilipotoka kwenye kiganja cha mumewe. Ukelele ule nao aliujua. Ulikuwa wa mdogo wake Zenon, ambaye Leokadia alimlea tangu mtoto huyo akiwa na umri wa miaka sita, mama yao alipofariki.

Walinzi hawakucheka tena. Walitoka sita kwa pamoja, virungu juu, wakawaangukia watu waliokuwa mbele. Rudi Haase, mkuu wa zamu ya wagomaji, alipigwa mdomoni akapiga magoti. Alipotema, jino lilitoka pamoja na damu, likazama kwenye theluji na kuacha tundu jekundu. Mtu mmoja alimpiga mlinzi kwa mti wa bango lake hadi mti ukakatika. Supu ilimwagika. Basi likapita, lango likafungwa, na harufu ya kimea kilichopikwa na mikono ya watu wengine ikatanda juu yao kama kejeli.

Benek, ambaye kanisani aliandikwa Benedykt, alimjia mkewe akipangusa mkono kwenye koti. Alikuwa mtu mnene wa miaka hamsini, aliyechemsha bia ya Kestner kwa miaka ishirini na minane, na mpaka asubuhi hiyo Leokadia hakuwahi kumwona akimrushia mtu hata tusi.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona. Ulimlenga yeye?"

"Kiti cha tatu kutoka nyuma. Kila siku anakaa hapo hapo, mjinga yule. Hata kujificha hajui."

"Benek, ni shemeji yako."

"Alikuwa. Tangu Jumatatu alipovuka lango ni panya kama panya wengine."

Rudi aliinuka, kitambaa kikiwa kimeloa damu mdomoni. "Jiwe ni salamu tu, Kadia," alimwambia Leokadia kwa shida. "Jumatatu ijayo tunamfuata nyumbani. Tutabisha hodi kistaarabu. Akifungua, hatapanda basi tena, maana hatakuwa na miguu ya kupandia."

Wanaume wakaangua kicheko. Leokadia aliinama kuokota sufuria. Aliwajua watu hawa. Alikuwa amewakaangia samaki kila Ijumaa kwa miaka ishirini, akazijua sauti zao za mzaha na za ulevi na za msibani. Kicheko cha namna hii ndiyo kwanza alikisikia.

*

Baa ya Benek na Leokadia, yenye jina la Kubiak juu ya mlango, ilikuwa kwenye pembe ya mtaa, upande wa kusini wa Milwaukee, na wenyewe waliishi juu yake. Ijumaa haikujali mgomo. Kufikia saa sita mchana samaki wa ziwani walikuwa wamekwisha safishwa, rojo la unga na bia limekorogwa, na Mama Salomea, mamake Benek, alikuwa ameketi mbele ya beseni akiparuza viazi vya chapati kana kwamba vimemkosea.

"Nasikia ndugu yako kakatwa shavu," alisema bila kuinua macho.

"Ndiyo, mama."

"Wangemkata miguu asingefika kazini. Marehemu baba mkwe wako aligoma wiki kumi na nne. Tulikula kabichi mpaka watoto wakanuka kabichi kanisani. Hakuna aliyevuka lango. Hata mbwa wetu hakuvuka."

"Mbwa hakuwa na mke mjamzito, mama."

"Mbwa alikuwa jike," alisema Mama Salomea. "Mimba ilikuwa yake mwenyewe."

Lililompeleka Zenon kwenye basi lile wote walilijua. Mkewe, Doreta, alikuwa na mimba ya miezi saba, na wiki iliyopita alianza kutokwa na damu. Walipofika hospitali, karani wa dirishani aliigeuza kadi yake ya bima, akasema kwa sauti iliyosikika hadi mwisho wa foleni kwamba kampuni imezifunga kadi za wagomaji wote, na kwamba kama hawana fedha taslimu basi wampishe anayefuata. Doreta alipisha. Damu ilimfuata sakafuni, na mfagiaji akaja nyuma yake na tambara. Jumatatu yake Zenon alipanda basi, na Jumanne kadi ikafunguka.

Saa tisa, Mama Salomea alipokwisha kupanda juu kujinyoosha, mlango wa uani ulibishwa taratibu. Alikuwa Zenon. Shavu lake lilikuwa limeshonwa kutoka jichoni hadi karibu na mdomo, na uzi mweusi ulimfanya aonekane anatabasamu upande mmoja.

"Dada, usinifukuze."

"Nani kakufukuza? Ingia, funga mlango. Wamekushona nyuzi ngapi hao, mbona kama gunia?"

"Kumi na sita. Daktari wa kampuni. Anashona huku anatazama saa." Hakuketi. "Najua nani alirusha."

"Zenon..."

"Simlaumu. Ningekuwa nje na mimi ningerusha. Tatizo mimi nilikuwa ndani." Alitia mkono mfukoni akatoa noti ya dola hamsini, akaiweka mezani kando ya samaki. "Nimesikia habari za Jumatatu. Doreta hawezi kushuka kitandani, dada. Wakivunja mlango ule, mtoto hatazaliwa. Wafudikizie bilauri. Wote watakaokuwa kaunta."

Leokadia aliitazama noti asiiguse. Katika baa za mji ule, bilauri ndogo iliyofudikizwa mbele ya mnywaji ilikuwa kauli kamili: kinywaji chako kinachofuata kimekwisha kulipiwa. Mwenye baa hakutaja mnunuzi asipoulizwa. Lakini akiulizwa kabla bilauri haijainuliwa, alitakiwa aseme kweli, na anayetaka kukataa alikataa hapo. Aliyekunywa alikuwa amempokea aliyemnunulia, na neno la ugomvi halikurudiwa tena baina yao. Kesi za mipaka ya ua na posa zilizovunjika zilikwisha kwa njia hiyo, bila hakimu.

"Wakiniuliza?"

"Wiki ya tisa hii hawajapata mshahara. Nani atauliza?"

"Sheria haikuwekwa kwa ajili ya watu wenye kiu, Zenon. Wakinywa bila kujua, si wamedanganywa?"

"Wakijua hawatakunywa. Wasipokunywa, Jumatatu wanakuja. Haya, nichagulie wewe." Akaisogeza noti karibu naye. "Nitaingia wakishamaliza. Nitampa Benek mkono mbele za watu wote. Akishakunywa hawezi kunipiga, dada. Benek anaheshimu kaunta kuliko kanisa."

Hilo lilikuwa kweli, nalo ndilo lililompotosha Leokadia. Alifikiria kiti cha tatu kutoka nyuma, akafikiria mlango wa Doreta. Akaipangusa mikono yake kwenye aproni, akaichukua noti, akaiweka ndani ya sanduku la fedha, chini kabisa.

*

Saa kumi na moja meza zote zilikuwa zimejaa. Familia zilikula samaki kwa mkate mweusi na kabichi ya siki, watoto wakigombania chapati za viazi, na kaunta ilikaliwa na wagomaji kumi na mmoja, Benek akiwa katikati yao na Rudi upande wake wa kulia. Walikuwa wakinywa bia ya kiwanda kingine, kwa kuwa waliapa kutoionja ya Kestner mpaka mgomo uishe. Waliinywa kwa nyuso za watu wanaokunywa dawa.

"Rudi, samaki leo utamtafuna na nini?" mmoja alimtania.

"Na fizi. Hata bila meno nakushinda kula, wewe unayelishwa na mama mkwe."

Leokadia alianzia mwisho wa kaunta. Alifudikiza bilauri ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kufikia ya tano kelele zilikuwa zimepungua, na alipoiweka ya kumi na moja mbele ya mumewe wote walikuwa wakimtazama.

"Haya makubwa! Kadia, nani kafa katuachia urithi?"

"Padri huyo!"

"Padri gani? Padri anakunywa divai yetu kila Jumapili, hajawahi kumnunulia mtu hata maji."

Rudi aliigusa bilauri yake kwa kidole. Aligeuka, akafungua mdomo wake uliovimba kama mtu anayetaka kuuliza, na Leokadia akamwahi. "Kunyweni," alisema. "Samaki wanapoa."

Alijua, alipokuwa akiyasema maneno hayo, kwamba ameliiba swali la Rudi. Akageukia bomba la bia, akajaza, akapeleka. Benek alipokea yake kisha akamshika kiwiko cha mkono, akamvuta karibu. Macho yake yalikuwa yamelegea kwa mara ya kwanza tangu mgomo uanze.

"Ni wewe, eeh?" alimnong'oneza. "Ulikuwa umeficha vijisenti. Na mimi asubuhi nakukaripia barabarani. Mke wangu." Akainua bilauri yake juu, ili wote waone. "Mabwana, kwa afya ya mwenye baa!"

"Afya!" wakaitikia kumi na mmoja, wakanywa. Leokadia hakumsahihisha. Alitabasamu, na tabasamu lile baadaye lilimuuma kuliko bega.

Zenon alikuwa amesimama nje, akichungulia kwenye pembe ya dirisha ambako barafu haikuganda. Alipoona bilauri zimeshuka tupu, alifungua mlango wa mbele akaingia pamoja na baridi. Alivaa koti lake la kanisani. Alipita baina ya meza, watu wakimpisha bila kujua wanachofanya, akasimama mbele ya Benek na kunyoosha mkono.

"Shemeji," alisema, "mmekunywa. Basi na yaishe."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha kijana wa mwisho wa kaunta alielewa, akaziba mdomo, akakimbilia nje, na wote wakamsikia akitapika kwenye theluji. Rudi aliiweka bilauri yake chini polepole mno.

"Kadia. Nani kanunua?"

"Zenon," alijibu Leokadia.

Benek hakumtazama Zenon. Alimtazama mkewe. "Nimekushukuru," alisema. "Nimesimama nikakushukuru mbele za watu."

"Benek, nisikilize. Mtoto..."

"Umeninywesha mshahara wa panya, halafu ukaniacha nikushukuru."

Chini ya kaunta palikuwa na nyundo ya mbao, ile ya kugongea bomba la pipa. Benek aliinama juu ya kaunta, akaichukua, akageuka. Pigo la kwanza liliukuta mkono ambao Zenon alikuwa bado ameunyoosha. Vidole vilisikika vikivunjika kama vijiti vya kuwashia jiko. Zenon hakupiga ukelele. Aliutazama mkono wake kwa mshangao, na pigo la pili likamkuta begani, likamlaza juu ya meza ya watu. Sahani zilianguka. Mama mmoja alimkumbatia mwanawe akamficha uso ndani ya sweta yake. La tatu lilitua kwenye goti, naye Zenon alikuwa chini, kati ya mifupa ya samaki na vipande vya kabichi, akijaribu kutambaa chini ya kiti.

Hakuna aliyeinuka. Wanaume tisa walikaa kwenye viti vyao wakitazama mbele, kama watu walio kwenye misa wakati wa mageuzo. Jikoni mafuta yaliendelea kuchemka na samaki wa mwisho walikuwa wakiungua.

Leokadia alipanda juu ya kaunta kwa magoti, akaangukia upande wa pili, akamlalia ndugu yake.

"Toka hapo, Kadia."

"Sitoki."

"Toka, nasema!"

"Nipige basi. Nipige na mimi, tuone."

Nyundo ilikuwa juu tayari. Kama Benek alikusudia au mkono ulikuwa umekwisha kutangulia, hata yeye mwenyewe hakuweza kusema. Ilishuka, ikamkuta mkewe kwenye bega la kushoto, na kitu ndani kikaachana na mwenzake. Benek aliitazama nyundo. Akaishusha.

"Imetosha," alisema Rudi. Aliinuka sasa, akavaa kofia, kwani kazi ilikuwa imefika kwake. "Mtoeni nje. Mlazeni kwenye ngazi. Kuna mtu keshapiga simu, namwona pale anatetemeka. Sasa sikilizeni vizuri: kateleza kwenye barafu. Kaja kula samaki, kateleza. Kila mtu aseme hivyo hivyo, asiongeze chumvi."

"Ngazi kavu," mmoja akasema.

Basi Mama Salomea, aliyekuwa ameshuka kwa kusikia kelele, alikwenda jikoni asiambiwe na mtu. Alirudi na ndoo, akaburuta viatu vyake hadi mlangoni, akayamwaga maji kwenye vidato vyote vitatu, kwa uangalifu, kama anyweshaye maua. Baridi ya Januari haikuhitaji dakika kumi.

*

Konstebo Dettmer alifika pamoja na gari la wagonjwa, na nusura aanguke mwenyewe mlangoni. Alizaliwa mitaa miwili kutoka pale. Baba yake alikuwa mfungaji wa mapipa hapo Kestner. Alifungua daftari lake, akawauliza waliokuwa kaunta mmoja baada ya mwingine.

"Aliteleza kwenye barafu."

"Aliteleza, afande. Kwenye barafu."

"Barafu hiyo. Aliteleza."

Aliwauliza wa kwenye meza. Hawakuwa wameona, walikuwa wanakula. Alimuuliza Mama Salomea, naye akasema kwamba vijana wa siku hizi hawavai viatu vya maana. Hatimaye alimuinamia Zenon, aliyekuwa amefungwa kwenye machela, midomo yake ikiwa ya bluu.

"Bwana Jarosz, ni nani aliyekufanya hivi?"

Zenon aliyazungusha macho, akamwona Benek, akamwona Rudi. "Niliteleza," alisema.

Rudi akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akampigapiga mguu ule uliokuwa mzima. Tangu Jumatatu ndiyo mara ya kwanza mgomaji kumgusa kwa wema. "Mwanamume kweli kweli," alisema. Machela ilipokwisha kutolewa, alimsogelea Leokadia, akainama sikioni pake. "Umeona? Kaanza kujifunza. Ila mguu mmoja bado unapanda basi, Kadia. Akijisahau Jumatatu, atateleza tena. Wewe sema barafu tu, tutakusamehe hayo ya bilauri."

Leokadia alikuwa ameketi kwenye kiti, akiushikilia mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia. Kupitia mlango wa jikoni alimwona mumewe amesimama mbele ya sinki, akiiosha nyundo ndani ya maji yale yale ya sahani, akiigeuza upande huu na upande huu. Aliosha kwa bidii, kama alivyofanya kila jambo maishani mwake. Hakuwa mtu mbaya. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mtu mbaya; ndiyo maana ndoo ililetwa upesi namna ile. Leo barafu, Jumatatu barafu, na mlango wa Doreta ungevunjwa na barafu, na mtaa mzima ungeitikia amina.

"Bi Kubiak," alisema konstebo. Daftari lilikuwa karibu kufungwa. "Nawe ulimwona akiteleza?"

Wanaume wa kaunta walikuwa wakimtazama. Aliziona nyuso zao zikimngojea kwa upole kabisa, zikimfanyia nafasi, kama watu wanaosogea kwenye benchi ili mwenzao akae.

"Hakuteleza," alisema.

"Kadia," Mama Salomea aliita.

"Amepigwa kwa nyundo ya mbao, mapigo matatu. La nne ni hili." Akalivuta vazi begani kwa mkono mzima, na konstebo akageuza uso. "Barafu imemwagwa baadaye. Ipime, bado haijaganda chini."

"Mnafiki!" Rudi alifoka. "Umevuka lango! Unasikia, Kadia? Na wewe umevuka!"

"Nimesikia, Rudi."

Konstebo Dettmer alishusha kalamu. Naye alikula samaki pale kila Ijumaa, na angependelea barafu. "Bi Kubiak," alisema kwa sauti ya chini, "fikiri kidogo. Nikishaandika sifuti. Baa hii haitaingia mtu tena. Na hawa ndio watu unaoishi nao."

"Andika."

"Aliyepiga ni nani?"

Maji jikoni yalikuwa yamenyamaza. Benek alikuwa amesimama mlangoni, mikono ikimchuruzika, bila nyundo. Macho yake hayakumkataza wala hayakumwomba.

"Benedykt," alisema Leokadia.

"Benedykt nani?" Alimjua tangu utotoni, lakini fomu ilitaka jina zima.

"Kubiak. Kama lilivyoandikwa juu ya mlango."